Mshono uangaliwe, usichezewe: kuzuia kidonda kutunga usaha baada ya upasuaji wa kizazi

Simu nyingi hunifikia siku ya sita au ya saba. Siku za kwanza mgonjwa yuko wodini, anaangaliwa. Siku ya tatu au ya nne anaruhusiwa, anafika nyumbani, majirani wanamiminika na chupa za chai. Halafu jioni moja: "Sista, samahani kukusumbua, huu mshono umeanza kutoa maji." Swali langu la kwanza si rangi ya maji hayo. Huuliza: "Mama, umeupaka nini?"

Na karibu kila mara kuna kilichopakwa. Spiriti. Unga wa kapsuli iliyofunguliwa. Asali ya sokoni. Mafuta ya mgando kutoka kwenye kopo ambalo watoto wanne wamekuwa wakichota kwa vidole.

Nimekuwa muuguzi katika wodi za wanawake hapa Nairobi kwa miaka 13, na nimesafisha mishono ya kila aina: ya kutolewa kizazi, ya faibroidi (uvimbe kwenye kizazi), ya uvimbe kwenye ovari, ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Niliyojifunza ni kwamba kidonda kilichoshonwa vizuri kinataka mambo machache sana. Kiwe kikavu, kisivutwe, kisiguswe kwa mikono michafu, na kiangaliwe kila siku. Tatizo letu ni kwamba tunakishughulikia kupita kiasi, kisha kinapoanza kuharibika tunanyamaza.

Mshono wa mwanamke una jambo la ziada. Vijidudu vinaweza kuingia kwa njia mbili: kupitia ngozi ya tumbo, na kupitia uke, ambao kwa kawaida una bakteria zake hata mtu akiwa mzima kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mapema, kabla hujaingia hospitalini.

Hatua ya 1: Wiki nne kabla

Watu hudhani kidonda huharibikia nyumbani. Mara nyingi kilikuwa kimeshaharibika kabla hakijakatwa.

Chukua mfano wa upungufu wa damu. Wanawake wengi wanaokuja kutolewa faibroidi wamevuja damu miezi na miezi, wengine miaka, wakiamini ndivyo walivyoumbwa. Damu ndiyo hubeba oksijeni hadi kwenye mshono, na bila oksijeni nyama haiungani, na chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu hazifanyi kazi vizuri. Omba kupimwa himoglobini, yaani kiwango cha damu, mapema, usingoje asubuhi ya upasuaji. Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, vimeze kwa maji au juisi ya machungwa. Chai yetu ya maziwa, tamu ilivyo, huzuia chuma kufyonzwa tumboni; iachie nafasi ya saa moja au mbili kabla na baada ya dawa. Kwenye sahani ongeza omena, maharagwe, ndengu, mayai, managu na terere. Ini pia, kama unalipenda na huna mimba.

Pima sukari hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Nimeona wanawake waliogundua wana kisukari kwa sababu mshono ulikataa kupona, na hiyo ni njia mbaya ya kupata habari. Kwa anayejua hali yake, zungumza na daktari kuhusu kuituliza sukari wiki kadhaa kabla. Wakati wa upasuaji na siku zinazofuata, madaktari wengi hulenga isipite 10 (mmol/L) kwenye ile mashine ndogo ya kupimia.

Sigara iache angalau wiki nne kabla. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ile ile inayotakiwa kulisha ngozi iliyokatwa. Ninaposema sigara ninajumlisha na shisha. Ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017, lakini wodini watu huninong'onezea mengi.

Na hili wengi huona aibu kulisema: kama unatokwa na uchafu ukeni wenye harufu kama ya samaki, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Ni hali ya kawaida, si uchafu wa tabia, na hutibiwa kwa dawa kama metronidazoli, ile wengi huijua kwa jina la Flagyl. Kizazi kikitolewa wakati hali hiyo ipo, hatari ya usaha ndani ya nyonga huongezeka. Usijaribu kuimaliza mwenyewe kwa kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, limau au dawa ya kusafishia choo. Unaua bakteria wanaokulinda na kuwaachia nafasi wale wabaya.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia upasuaji, ficha wembe

Shangazi yangu alipangiwa kutolewa kizazi siku ya Jumanne. Jumatatu usiku alijifungia bafuni na wembe wa shilingi chache, kwa sababu, alivyosema baadaye, hakutaka daktari akutane na msitu. Asubuhi sehemu yote chini ya kitovu ilikuwa na vipele vyekundu, viwili vikiwa na vichwa vyeupe. Daktari aliangalia, akashusha pumzi, akamrudisha nyumbani kwa siku kumi.

Wembe hukata ngozi kwa mikwaruzo midogo usiyoiona kwa macho. Kila mkwaruzo ni mlango, na usiku mzima bakteria wa ngozi huhamia humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uko wazi: mgonjwa asinyolewe kwa wembe, si nyumbani wala hospitalini. Nywele ziachwe zilivyo, na ikilazimu ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine. Daktari ameona kila aina ya msitu. Hatakwenda kukusimulia.

Badala ya kunyoa, oga. Usiku mara moja, asubuhi tena. Sabuni ya kipande ya kawaida inatosha. Hakuna haja ya kununua ya bei kali. Chovya pamba kwenye maji ya sabuni usafishe ndani ya kitovu polepole, hasa kama utafanyiwa upasuaji wa kamera, ule wa matundu madogo, kwa sababu kamera mara nyingi huingilia hapo hapo. Lala kwenye shuka safi na nguo safi. Asubuhi usipake mafuta wala losheni tumboni. Toa rangi ya kucha na kucha za bandia.

Kama una jipu, kipele chenye usaha, kikohozi chenye homa, au unahisi mkojo unachoma, piga simu kabla ya kuondoka nyumbani. Kuahirishwa kunauma, nauli imeshaliwa na ruhusa ya kazini imeshaombwa, lakini usaha unauma zaidi.

Hatua ya 3: Hospitalini, uliza

Wagonjwa wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya koti jeupe. Haya yaulize, kwa adabu, lakini yaulize.

"Daktari, nitapewa antibiotiki kabla ya kukatwa?" Kwa upasuaji wa kutoa kizazi, jibu linatakiwa kuwa ndiyo. Dozi moja ya mshipani, mara nyingi sefazolini gramu 2, hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi, ili dawa iwe imeshafika kwenye nyama wakati mlango unafunguliwa. Upasuaji ukizidi saa nne au damu ikipotea nyingi, hurudiwa. Upasuaji mwingine mdogo wa kamera, wa kuchungulia tu, hauhitaji dawa hiyo, kwa hiyo usishangae ukiambiwa hapana. Sema mapema kama penisilini au dawa nyingine iliwahi kukuwasha mwili mzima au kukubana kifua.

Uliza kuhusu baridi pia. Mwili ukipoa mezani, mishipa ya ngozi hujibana na kinga hulegea. Julai ya Nairobi si ya kuchezea. Nenda na soksi na shali nzito, na ukitetemeka ukisubiri mlangoni pa thieta, sema uongezewe blanketi. Si kudeka huko.

La tatu ni mikono. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari aliyeitwa Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuwa wakijifungua. Katika wodi yake, mwaka 1846 walikuwa wamekufa wanawake kama 11 katika kila 100. Mwaka 1848 alikufa takriban mmoja katika kila 100. Wenzake wengi walimkasirikia. Ukimwona yeyote anakuja kugusa kidonda chako, mimi nikiwemo, bila kunawa au kupaka sanitaiza, una haki ya kusema, "Sista, naomba unawe kwanza." Atakayenuna, anune akinawa.

Hatua ya 4: Saa 48 za kwanza

Bandeji aliyoweka daktari usiifungue, usiichungulie. Ndani ya siku hizo mbili kingo za ngozi zinashikana na kujifunga. Ikilowa damu au ikibanduka, mwite muuguzi.

Amka ukatembee mapema uwezavyo, hata ni hatua kumi hadi dirishani. Mpira wa mkojo uulizie utatolewa lini. Mpira huo unapokaa muda mrefu bila sababu, maambukizi ya mkojo hukaribishwa. Wageni wakae kwenye kiti, wasikae kitandani mwako. Najua kumwambia shemeji aliyetoka Machakos asubuhi na mapema aondoke kitandani ni kazi ngumu. Mwachie muuguzi, sisi tumezoea kuchukiwa.

Siku ya kuruhusiwa usibebe mfuko ukaondoka. Hakikisha karatasi yako imeandikwa nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe au za kutolewa, na kama ni za kutolewa, tarehe gani. Mshono wa kulala, ule wa chini kwenye mstari wa chupi, nyuzi zake hutolewa mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 10. Mshono wa kusimama, kutoka kitovuni kushuka, husubiri zaidi, mara nyingi siku ya 10 hadi 14. Uliza namba ya kupiga usiku. Na ukipewa antibiotiki za kwenda nazo, uliza: "Hizi ni za kutibu nini?" Dozi ya kabla ya upasuaji kwa kawaida hutosha kuzuia, kuendelea na vidonge kwa siku kadhaa "kwa usalama" hakuongezi ulinzi, na hufundisha bakteria ukaidi. Kama zimetolewa kwa sababu kuna maambukizi, zimalize zote.

Hatua ya 5: Barabara ya kurudi nyumbani

Usipande boda. Matatu, kama hakuna njia nyingine, kaa mbele au katikati, kamwe si kiti cha nyuma juu ya magurudumu. Beba mto mdogo, uukumbatie tumboni. Kila tuta la barabarani utaushukuru. Mto huo huo uwe nao nyumbani ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka. Kucheka ndiko huumiza kuliko vyote, na jamaa zetu hawajui kunyamaza.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa nyumba zenye bafu la maji ya bomba saa 24 inatuacha kwenye mataa. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, siku fulani tu za wiki, na siku zilizobaki ni pipa, tangi la ploti au mtungi wa mkokoteni. Maji yaliyokaa kwenye pipa, yakachotwa kwa kopo na kila mtu, si ya kumwagia mshono.

Tenga ndoo yako yenye kifuniko, ya mshono tu. Chemsha maji, yaache yatokote kwa dakika moja nzima. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hivyo maji huchemka yakifikia takriban nyuzijoto 94, lakini hiyo haikupunguzii kitu: dakika moja ya kutokota inatosha. Yafunike yapoe yenyewe, usiyaongezee ya pipa ili yapoe haraka. Gesi ikiwa imekwisha, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yaliyo salama kunywa ni salama kwa mshono uliofunga.

Baada ya saa 48, kama daktari hakusema vinginevyo, unaweza kuoga mwili mzima. Oga umesimama. Usiketi kwenye karai wala beseni, maji yaliyokwisha kuosha miguu yakapanda tumboni. Anza juu ushuke: uso, kifua, mikono, halafu chota maji safi kwa kikombe uyaache yateremke juu ya mshono. Povu la sabuni likipita juu yake si tatizo, lakini usisugue, usitumie sponji wala brashi. Sehemu ya siri na miguu iwe ya mwisho. Kausha mshono kwa kugusagusa kwa taulo dogo safi la peke yake, kisha lifue, lianike juani, usilichanganye na taulo la familia.

Mshono uliofunga na kukauka hauhitaji kupakwa chochote. Narudia kwa sababu hakuna anayeniamini: hauhitaji chochote. Spiriti huunguza chembe changa zinazojenga ngozi. Unga wa kapsuli hufanya ganda juu, usaha ukajificha chini. Chumvi ya jikoni ikimwagwa juu ya mshono ni mateso tu. Yale maji ya chumvi ya kukalia ambayo akina mama huambiwa baada ya kushonwa njia ya uzazi wakati wa kujifungua ni habari nyingine na kidonda kingine, usiyahamishie tumboni.

Halafu kuna kukandwa. Mama mkwe amekuja kutoka kijijini, amechemsha maji, ana leso mkononi, na nia yake ni njema kabisa. Tumbo lenye mshono mpya lisikandwe kwa maji moto wala kufungwa leso kwa nguvu. Joto na msukumo huweza kufungua kingo na kuvujisha damu chini ya ngozi, na damu iliyotuama ni chakula cha bakteria. Binti mmoja niliyemuuguza alipata jibu ambalo nimelikopa tangu siku hiyo: "Mama, daktari amekataza tumbo. Naomba unikandie miguu, imechoka sana." Miguu ilikandwa, heshima ikabaki, na mshono ukapona.

Kwa kunawa mikono, weka maji na sabuni mahali pa kuonekana, karibu na mlango. Kibuyu chirizi, yaani mtungi wa lita tano unaotiririsha maji kidogo kidogo, kinafaa. Yeyote atakayekusaidia na kidonda anawe sekunde 20 kabla na baada. Wewe pia: kabla ya kugusa mshono na kila utokapo chooni, ukijipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Hatua ya 7: Nguo, na mkunjo wa tumbo

Dera ni nguo ya mshono. Haibani, inapitisha hewa, na unaivaa bila kuinama. Chupi iwe ya pamba, ama inayopita juu ya kitovu ama inayokaa chini kabisa ya kidonda. Ukingo wa lastiki usisuguane na nyuzi. Suruali ya kubana isubiri.

Wenye miili mikubwa, hapa nisikilizeni. Mshono wa kulala hukaa chini ya mkunjo wa tumbo, mahali pa giza, joto na jasho, na hapo ndipo mishono mingi niliyoisafisha ilifungukia. Mara tatu kwa siku lala chali, inua tumbo kwa mikono safi, acha hewa ipite dakika kumi au kumi na tano. Kisha weka kitambaa safi cha pamba, kilichofuliwa na kupigwa pasi, kati ya mkunjo na mshono. Kikilowa jasho, kibadilishe, hata kama ni mara tano kwa siku. Usipake poda. Poda ikikutana na jasho huwa uji.

Hatua ya 8: Mtungi wa lita 20 ni kilo 20

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa wiki sita usiinue kitu kinachozidi kilo tano hivi, maana yake hata mtungi wa lita kumi si wako. Wala mtoto wa miaka miwili. Akitaka kubebwa, keti, apandishwe na mtu mwingine akae kando yako, si mapajani juu ya mshono. Kufua kwa kuinama, kupiga deki, kupanda ngazi za ghorofa ya tano mara nne kwa siku kwa sababu umesahau dania, vyote vinavuta tumbo.

Hili ni jambo la kupanga kabla, si la kuvumilia baadaye. Ongea na watoto wakubwa, na mume, na jirani wa ng'ambo. Nani atateka maji Jumatano? Mlipe kijana wa mkokoteni ayafikishe hadi mlangoni. Mama anayeishi peke yake na hana wa kumtegemea amwambie muuguzi kabla ya kuruhusiwa; kukaa wodini siku moja zaidi au kwenda kwa ndugu kwa wiki mbili ni rahisi kuliko kushonwa upya.

Kula protini kila mlo: yai, maziwa, kuku, samaki, ndengu. Njahi ni nzuri lakini huleta gesi, na gesi kwenye tumbo lililoshonwa ni adhabu. Ianze kidogo kidogo wiki ya pili, pamoja na githeri. Maji mengi, mapapai, mboga, ili usijikamue chooni.

Hatua ya 9: Kidonda usichokiona

Ukitolewa kizazi chote pamoja na mlango wake, juu ya uke kuna mshono wa ndani. Hakuna wa kuupiga picha, kwa hiyo unalindwa kwa kutoingiza chochote: tendo la ndoa, tamponi, vidole, dawa za kienyeji, maji ya kujisafisha. Muda ni wiki sita hadi nane, na madaktari wengine husema 12. Fuata uliyoambiwa na aliyekushona, na mume asikie maneno hayo kutoka kwa daktari mwenyewe ikiwezekana, ili isionekane umebuni. Tumia pedi, uibadilishe kila saa nne hadi sita.

Uchafu wa rangi ya waridi au kahawia unaopungua polepole kwa wiki kadhaa ni kawaida. Vipande vidogo vya uzi vikitoka, usishtuke. Ni nyuzi zinazoyeyuka. Ambacho si kawaida ni harufu ya kuoza, usaha, maumivu ya chini ya tumbo yanayoongezeka, au damu nyekundu inayojaza pedi ndani ya saa moja.

Hatua ya 10: Piga picha, chora mstari

Maambukizi mengi ya mshono hujitokeza ukiwa umeshafika nyumbani, na yanaweza kuja hadi siku ya 30. Kwa hiyo kila siku saa ile ile, kwenye mwanga wa dirisha, piga picha ya mshono kwa simu. Macho husahau rangi ya jana, simu haisahau. Picha hizo hunisaidia sana mgonjwa anapopiga simu, kuliko maelezo ya "umevimbavimba kidogo".

Wekundu mwembamba kando ya nyuzi, kuwasha, ganzi na uvimbe mgumu kama kamba chini ya ngozi ni sehemu ya kupona. Ukiona wekundu mpana, chukua kalamu uchore mstari kuuzunguka, uandike saa. Wekundu ukivuka mstari ndani ya saa chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona usaha au harufu, kingo zinaachana, sehemu imekuwa ya moto, homa imefika nyuzijoto 38, au maumivu yaliyokuwa yamepungua yamerudi kwa nguvu. Mwenye kisukari huenda asipate homa kabisa, basi asiisubiri.

Homa hiyo usiinunulie dawa ya malaria. Nairobi si eneo lenye malaria nyingi, na mtu aliyepasuliwa wiki iliyopita akipata homa, wa kushukiwa kwanza ni mshono, kifua na mkojo. Usipitie kemisti kuomba "antibiotiki kali" pia. Ikiwa usaha umetuama ndani, vidonge haviufikii. Kidonda kinahitaji kufunguliwa usaha utolewe, na huenda sampuli ikapelekwa maabara kujua dawa gani itafaa.

Mambo manne hayangoji asubuhi. Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana kwa macho, au ngozi kugeuka zambarau au nyeusi. Kutetemeka, kupumua haraka na kuchanganyikiwa. Tumbo kujaa na kuwa gumu pamoja na kutapika mfululizo. Na majimaji ya rangi ya waridi kububujika ghafla kutoka mshononi, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10, ambayo yanaweza kuwa ishara kwamba tabaka la ndani limeachia. Kama utumbo umeonekana, usiurudishe. Lala chali, kunja magoti, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, usile wala kunywa, na watu wapige 999 au 112 huku wakitafuta gari.

Ukifika, nenda na karatasi ya kuruhusiwa, dawa zote ulizomeza hata zile za kemisti, na simu yenye picha. Ukiulizwa umepaka nini, sema ukweli. Sitakugombeza. Nitakunja uso kidogo tu, halafu nitanawa mikono tuanze kazi.